Ile Shuka

Dorika hakuwa na uvumilivu na maonyo. Kompyuta ikimtolea onyo moja tu kwenye programu, hali wala halali mpaka liondoke. Na hii programu huria ya kuendesha vitanda vya kuwapasha joto watoto njiti ilikuwa imeota maonyo kama magugu kwenye shamba la viazi. Aliyafyeka yote, pale pale chumbani kwake Lyamkena, Makambako. Nikodemo, aliyeiandika programu, alimwamini, na asubuhi hiyo akaiweka kwenye kitanda cha hospitali moja ya misheni upande wa Njombe.

Mchana Nikodemo akapiga simu.

"Dada Dorika, ile shuka umeipeleka wapi?"

Dorika akacheka. "Pale kwenye hatua ya taa nyekundu? Kompyuta ililalamika kwamba hatua hiyo haina kikomo, nikaweka kikomo, na hilo neno 'shuka' uliloliandika pembeni nikalifuta. Shuka la mtoto ni kazi ya manesi, kaka, si ya programu."

"Si shuka la kitandani, dada. Shuka! Teremka! Mtoto akipoa taa nyekundu iwake, halafu programu iteremke mpaka hatua ya pili, kwenye kengele. Niliacha bila kikomo makusudi."

Dorika akaifungua tena ile programu, akasoma. Kompyuta haijui Kiswahili, ina udhuru. Yeye je? Kwa kikomo chake, taa ingewaka na kengele ingenyamaza.

"Kuna mtoto ndani?"

"Yupo. Nampigia nesi, hapokei. Nakutumia namba yake, jaribu na wewe."

Simu ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, huku akimwomba Mungu kwa Kibena, maana Kiswahili kilishamponza.

"Haloo, nesi Scolastika hapa."

"Sista, kamwangalie mtoto aliye kwenye kitanda cha joto!"

"Mbona kengele haijalia, mwanangu?"

"Haitalia! Nimeiharibu mimi! Kimbia, sista!"

Viatu vikagonga sakafu. Mlango ukafunguliwa.

"Yesu wangu, taa nyekundu! Mama, fungua kanga, mweke kifuani. Haraka!"

Dorika alisimama katikati ya chumba, ameng'ata ukosi wa sweta lake. Kisha kikaja kilio, chembamba, cha kukatikakatika.

"Mikono bado ya baridi," nesi akasema, "lakini analia."

Dorika naye akaangua kilio.

"Nyamaza wewe!" Scolastika akafoka. "Kaa utengeneze. Mtoto hatoki kifuani kwa mama yake mpaka niisikie kengele kwa masikio yangu."