Uso wa Saa Ndani ya Kopo la Maziwa

Nimetengeneza saa hapa Kisangani miaka arobaini na miwili, na sasa jicho la kulia tu ndilo limebaki kazini. La kushoto lilistaafu bila kuniaga. Mgongo nao una maneno mengi kila asubuhi. Watu wenyewe hawana haja tena na saa, wana simu. Wanaokuja kwenye kibanda changu karibu na posta ni wa aina mbili: wanaotaka betri, na wanaotaka kuonekana.

Hao wa pili ndio wanaonilisha. Wananunua saa za kuiga kwa Mama Kyakimwa, mfanyabiashara wa Butembo mwenye duka sokoni, saa zenye majina makubwa ya Uswisi na bei ya samaki wawili, halafu wananiletea nizitie heshima. Naondoa mng'ao uliozidi. Nabadilisha kioo na mishale, nauzeesha mkanda kwa mafuta ya mawese na jua. Saa ikitoka kwangu inaweza kuketi mezani na wakubwa, mradi asiwepo mtu wa kuifungua.

Aliyenifundisha kuipenda kazi hiyo ni Jérôme, rafiki yangu, aliyekufa mwezi uliopita. Alikuwa karani wa serikali, mtu wa Maniema, mashati ya mikono mirefu, maneno machache. Kila Jumapili baada ya misa tulikaa barazani kwake na saa mbovu kwenye sinia, tukiondoa kwa hii tukitia kwa ile. Alikuwa na saa kumi na nne. Kumi na tatu tulizitengeneza sisi wenyewe kutoka kwenye takataka, na zilipendeza kiasi kwamba wageni walidhani karani huyu anaiba ofisini. Alifurahi sana waliposema hivyo, kwa sababu hakuwahi kuiba hata kalamu.

Ya kumi na nne ilikuwa ya kweli. Mhandisi mmoja Mbelgiji alimwachia baba yake Jérôme, aliyekuwa karani wa reli ya Ubundu, siku alipofungasha kurudi kwao. Sijawahi kuona mashine nzuri kama ile. Ukiifungua unasahau njaa. Kila nilipoisafisha nilikwaruza alama yangu ndani ya kifuniko cha nyuma, herufi T na tarehe, kama mafundi wote wanavyofanya, ili atakayefungua baadaye ajue nani alipita.

Mwaka 2000 mji ulikuwa na askari kila kona, na saa ya mtu haikuvuka vizuizi viwili. Jérôme alinijia ameificha ndani ya soksi. Wote walikuwa wanataka saa za bandia zifanane na za kweli, yeye alitaka ya kweli ifanane na bandia. Niliitoa mashine, nikaitia kwenye ganda la saa ya sokoni, bati tupu, nikaibandikia uso wa rangi ya kijani kama sabuni na kioo cha plastiki chenye mikwaruzo. Ilikuwa saa mbaya kuliko zote Kisangani nzima. Askari mmoja aliitazama mkononi mwake akamwonea huruma.

Ganda la kweli, mishale na uso wake mweupe nilivitia kwenye kopo la maziwa ya unga, nikaliweka chini ya meza yangu. Vita viliisha, kopo likabaki. Jérôme alikuwa ameshaipenda ile hali: kutembea na kitu cha thamani ambacho hakuna anayekitamani. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata nilikuwa mimi peke yangu. Tulikubaliana kwamba siku akifa ndugu zake watachukua vyote vinavyong'aa, hii mbaya watamwachia binti yake Solange, na mimi nitaurudisha uso mahali pake nimwambie ana nini mkononi.

Sasa niseme lililonikaa rohoni. Miaka minne ya mwisho Jérôme hakuniletea tena saa ile niisafishe. Nilimwuliza mara ya kwanza, akasema inatembea vizuri. Nikamwuliza tena, akavuta mkono wa shati kuifunika. Kila Jumapili alikuja na nyingine yoyote, ile hapana. Nilielewa, au nilidhani nimeelewa: ananiogopa. Anajua nimeitamani mashine hiyo tangu nikiwa kijana, anaona siku moja nitaibadilisha. Mimi, niliyemtunzia uso miaka yote chini ya meza. Jambo hilo liliniuma, na sikumwambia.

Alipolala kitandani bila matumaini nilikwenda kumwona. Alinishika kidole kimoja tu, nguvu zilikuwa zimekwisha.

"Timothée," akasema, "ile saa, umupatie Solange vile iko. Usiifungue, yaya."

Yaya, yaani kaka mkubwa, ndivyo alivyoniita siku zote. Nikamwitikia. Nikarudi nyumbani kwa miguu, hasira ikinitembeza kuliko afya. Mpaka kitandani mwa mwisho ananiona mwizi. Kwenye mazishi katekista alisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, nami nikaguna, kwa sababu kila maiti wa mji huu husemewa hivyo.

Matanga yalipovunjwa mambo yakawa kama tulivyotabiri. Kasongo, mdogo wa marehemu, alikuja kutoka Kindu na ndugu wengine watatu, wakazimwaga zile saa juu ya mkeka. Waliniita niseme ipi ni ya bei. Nikawaambia zote tulizitengeneza na marehemu, wakacheka wakijua mzee anawaficha, wakagawana zile zenye rangi ya dhahabu. Mmoja alivaa mbili.

Solange alikuja kibandani siku ya Jumatatu, na sare yake ya kazi, maana anafanya kazi uwanja wa ndege kule Bangboka. Aliiweka saa ya kijani juu ya meza yangu.

"Ba tonton bamekamata zote zenye kungaa," akasema. "Hii bameniachia. Papa alikuwa navaa yeye kila siku, na sasa imesimama. Unaweza kuitembeza?"

Hapo ningemwambia. Kopo lilikuwa linagusa mguu wangu. Badala yake nilimwambia arudi Jumamosi.

Mtu akichoka, uovu wake nao unakuwa wa uvivu, hautafuti njia ndefu. Nilikuwa nimeshapanga kila kitu kabla binti hajavuka barabara. Nitatoa mashine ya kweli, nitatia ya Kichina niliyoinyofoa kwenye saa moja ya Mama Kyakimwa. Solange atapata saa ya baba yake, ileile mbaya, inatembea, ataridhika, hataibiwa kitu anachokijua. Nami moyo nitauunganisha na uso wangu wa kwenye kopo, nife nikiwa na saa moja ya kweli, mimi niliyewavisha wengine uongo miaka arobaini na miwili. Kama Jérôme aliniona mwizi bila kosa, basi angalau nilipwe kwa jina hilo. Ndivyo nilivyojiambia, na sikuona haya.

Jumanne umeme ulikuwa umekatika, kama kawaida yake. Nikavuta meza mpaka mlangoni penye mwanga. Mashine ya Kichina niliiweka kushoto kwangu, juu ya kitambaa safi, tayari. Kabla ya kufungua nikaitia saa ufunguo kidogo, kwa mazoea tu. Kitufe kilizunguka chepesi mno. Nikafikiri kamani yake imekatika, moyo ukaniuma kwa ajili ya mashine. Nikaweka lupu kwenye jicho langu moja, nikafungua mgongo.

Ndani hamkuwa na kitu. Nina maana, mlikuwa na mashine, ya Kichina, ndugu pacha wa ile iliyokuwa kwenye kitambaa changu. Bati limekatwa vibaya, chapa haisomeki. Niliangalia kushoto, nikaangalia ndani, nikarudia mara mbili kama mjinga.

Nikageuza kifuniko. Alama zangu zilikuwa pale zote, T na T na T, tangu 2000 mpaka 2019. Chini yake kulikuwa na mkwaruzo wa mkono mwingine: R, na mwezi wa tatu, 2021.

R ni Rachidi, fundi wa Mangobo. Hatugombani, lakini hatutembeleani. Nilifunga kibanda, nikapanda toleka, na kijana wa baiskeli akaniuliza mara mbili kama naumwa. Rachidi alinipa kiti na maji, akakumbuka bila kujitesa. Karani wa Maniema, mashati marefu. Alikuja na mnunuzi kutoka Bunia, mtu aliyekuwa na ganda na uso wa saa ya namna hiyo na mashine yake imekufa, ametafuta nyingine miaka. Walielewana hapohapo. Rachidi alimwambia karani kwamba anauza moyo wa saa, akajibu anajua. Alichotaka ni kitu kimoja tu: mashine ya badala iwe na mshale wa sekunde usioruka kama wa saa za betri, kwa sababu ana rafiki mwenye macho makali.

Nikamwuliza kama alisema kwa nini anauza.

"Alisema kuko mugonjwa," Rachidi akasema. "Nikafikiri ni muke yake. Akasema hapana, ni muke ya yaya yake. Banapaswa kumupasula ile wiki."

Mwezi wa tatu, 2021, aliyepasuliwa alikuwa mke wangu Euphrasie. Daktari alisema wiki hii au basi. Niliuza kitanda na baiskeli, nikaenda kwa ndugu zangu, nikarudi na mikono yangu. Asubuhi iliyofuata Jérôme alifika hospitalini na bahasha. Alisema Leta, yaani serikali, hatimaye wamemlipa mishahara yake ya nyuma. Nchi hii, mishahara ya nyuma, na tena yote kwa mara moja! Mtoto mdogo angecheka. Mimi niliamini kwa sababu nilihitaji kuamini, nikapokea, na nadhani sikumshukuru vizuri, nilikuwa nimechoka.

Sikurudi kibandani. Nilishuka toleka njiani nikatembea mpaka kwenye daraja la Tshopo, nikasimama pale maji yanapopiga kelele. Miaka minne mtu anavaa shati la mikono mirefu kwenye joto hili ili nisijue nina deni naye. Na mimi miaka hiyohiyo nilikuwa namhesabia dharau. Usiifungue, yaya. Hakuwa anajilinda na mimi. Nililia, na nasema wazi, nililia kama mtu aliyepigwa.

Ijumaa nililitoa kopo. Uso mweupe haukuwa na hata doa. Niliiondoa mashine ya Rachidi kwenye bati, nikaisafisha kama ambavyo ningesafisha ya Mbelgiji, kila gurudumu, ingawa haikustahili. Mashimo hayakulingana, ikabidi nikate vijiti vya nyuma ya uso na kuubandika kwa gundi, kazi ninayoichukia. Nikarudisha mishale, nikaitia yote katika ganda la kweli, lile la Mbelgiji. Kifuniko cha bati chenye alama nilikiweka pembeni, hakikuingia kwenye ganda hilo.

Jumamosi nilimkalisha Solange kwenye kiti changu, mimi nikasimama. Nilimwambia yote: reli ya Ubundu, soksi, kopo, Rachidi, bahasha. Halafu nikamwambia nilikuwa nafungua saa ya baba yake kwa sababu gani siku ile. Hilo lilinichukua muda. Nilimwonyesha mashine ya pili, bado iko juu ya kitambaa.

Aligeuzageuza kile kifuniko, akisoma tarehe moja moja.

"Donc ungenipatia mashine ya Kichina," akasema.

"Ndiyo."

"Na sasa umenipatia mashine ya Kichina."

"Ndiyo, mutoto yangu."

Alitoa kicheko cha puani, kilekile cha baba yake, kisha akajifuta macho na mgongo wa mkono. Sikujua kama nimesamehewa na sikuthubutu kuuliza. Aliivaa saa. Ilikuwa kubwa kwake, nikampunguzia mkanda tundu mbili. Akaniuliza Maman Euphrasie anaendeleaje. Nikamwambia yuko sokoni anauza kwanga zake za muhogo, na mpaka saa hizi atakuwa amegombana na wateja watatu.

"Bon," akasema. "Umusalimie. Umuambie papa alimusalimia."

Kifuniko cha bati aliniachia mezani, sijui kwa kusahau au kwa kusudi. Akasimamisha pikipiki ya Bangboka, akaondoka huku ameinua mkono kutazama wakati, maana alikuwa amechelewa.

Nilikaa kidogo. Kisha nikachukua sindano ya kukwaruzia, nikaandika chini ya R jina lote la Jérôme, herufi kwa herufi, jicho likinitoa machozi. Nikakitia kifuniko kwenye kopo, nikafunga kibanda saa tano asubuhi, nikaenda sokoni. Euphrasie aliponiona alidhani kuna mtu amekufa. Nikamwambia hapana, nimekuja kumbebea beseni.