Watu Bila Mbuzi

Dada yangu Ummy analipwa mshahara kwa kutafuta vitu ambavyo havijapotea. Hivyo ndivyo ninavyoielewa kazi yake, na nikimwambia hununa. Mimi nauza vitenge Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Mteja akitaka cha maua mekundu namshushia cha maua mekundu, kazi imekwisha. Yeye hukaa mbele ya kompyuta akitengeneza machujio. Ameshanieleza mara nyingi: kuna ghala la makala za madaktari wa dunia nzima, makala ni mamilioni, na daktari mwenye mgonjwa mbele yake hana muda wa kuzisoma. Basi Ummy anaandika maneno na kuyawekea masharti, leta hili, acha lile, ili anayeuliza habari za homa apate homa, asipate takataka. Chujio zuri hupitisha tui na kuzuia machicha. Hapo tu ndipo tulipoelewana.

Kilichonichanganya ni mama. Mama yetu, Bi Mgeni, anafuga mbuzi uani kwetu Ilala tangu sijazaliwa, na mbuzi wa jirani akishikwa na uchungu huitwa yeye, kwa sababu ana mkono mwepesi. Mwaka huu alishikwa na homa inayokuja jioni na kuondoka asubuhi. Jasho, mgongo, nyonga. Akipimwa malaria, hakuna, akipewa dawa ya malaria, anameza, homa inarudi. Mtu anatibiwa ugonjwa ambao vipimo vinasema hana, na sote tunaitikia kwa kichwa. Nilipouliza nikaambiwa ndivyo inavyofanyika.

Daktari wake, Kasmir, ndiye pia aliyemwomba Ummy amtengenezee chujio la kutafuta homa zisizo malaria. Akaliuliza: homa, wakazi wa mjini, wafugaji wa mbuzi. Halikumletea kitu.

"Waulizeni wale waliotutoa damu," mama akasema, amejilaza mkekani. "Walikuja na makoti meupe. Wakanitoa mimi, wakawatoa na mbuzi. Walisema watarudi na majibu."

"Wangekuwa wameandika, mama, ningewaona," Ummy akasema.

"Kwa hiyo hawakuja?"

"Walikuja. Labda hawakuandika."

Nikawatazama wote wawili. Mama hasemi uongo. Na chujio, kwa maelezo ya mwenye chujio, halikosei: kabla ya kulikabidhi, Ummy alilipima kwa makala alizozisoma mwenyewe moja moja, likazinasa zote. Sasa nimwamini nani? Nilikuwa naogopa, na mimi nikiogopa hukasirika, nikamwambia dada yangu kazi yake haina faida hata ya ungo uliotoboka.

Wiki ile mbuzi wawili wakatupa mimba, na mama akashindwa kuinuka kwenda kuwatazama. Nyumbani umeme ulikuwa umekatika, Ummy akanijia dukani na kompyuta yake, akakaa juu ya robota la vitenge.

"Dada, unafanya nini?"

"Nalibomoa."

Alikuwa anaondoa sharti moja, anauliza upya, analirudisha, anaondoa jingine. Mteja mmoja akataka kujua hicho alichokikalia dada ni bei gani, Ummy akamjibu, "Subiri kwanza," kana kwamba duka ni lake. Kisha akatulia. Nikainama. Kwenye kioo palikuwa na makala ambayo haikuwepo mwanzo: homa kwa wafugaji wa mbuzi wa mjini, Ilala, damu ya watu na damu ya mbuzi.

"Imetoka wapi?"

"Haikwenda popote. Ilikuwamo siku zote."

"Mbona hatukuiona?"

Akanieleza polepole, nadhani alikuwa anajieleza mwenyewe. Ghala lile limejaa makala za panya wa maabara. Ukiuliza homa za watu unamiminiwa panya. Ili kuwafukuza akaweka sharti: makala yoyote yenye lebo ya wanyama itupwe. Lakini makala hii ina lebo mbili, ya watu na ya wanyama. Sharti lilipoiona ya wanyama likaitupa, halikungoja kuiona ya pili.

"Na ulilipima," nikasema.

"Kwa makala za hospitali tu. Wodini hakuna mbuzi, Mrisho." Akafunika uso. "Nimekulia na mbuzi mle uani, halafu nikaandika kama mtu asiyewahi kuwaona."

Sikujua nimgombeze au nimshike bega. Nikamshika bega, mteja akaondoka zake bila kitenge.

Daktari Kasmir akampima mama ugonjwa uliotajwa kwenye makala ile, unaowatupisha mbuzi mimba na kumwingia anayewazalisha kwa mikono mitupu. Akakutwa nao. Dawa zake ni za wiki nyingi. Homa itaisha, alisema. Nyonga hakutuahidi, kwa sababu tumechelewa.

Tuliporudi nyumbani Ummy alikaa mkekani kando ya mama, akimpangia vidonge.

"Kwa hiyo wale wa makoti walijua," mama akasema.

"Walijua, mama."

"Na walisema watarudi. Mbona hawakurudi?"

"Walirudi." Machozi yalikuwa yanamtoka. "Mimi ndiye niliyewafungia mlango."

Mama akamtazama, kisha akanitazama mimi, nimwambie binti yake kapatwa na nini. Akageuza shingo kuuangalia mlango wa uani, ambao kwetu haujawahi kufungwa mchana. Mbuzi mmoja alikuwa amesimama kizingitini.

"Mlango upi?" akauliza.