Gauni Lisilo na Doa

Mtaa mzima ulimwita Betri, naye aliitika. Miaka minane iliyopita moyo wake ulichoka kabisa, madaktari wakampachika pampu ndogo kifuani ya kuusaidia kusukuma damu. Waya wake ulitokea tumboni hadi kwenye betri mbili, alizozibeba ndani ya kizibao alichojishonea mwenyewe. "Wenzangu wanachaji simu, mimi najichaji mwenyewe," aliwaambia wateja. Kati ya watu sita waliopachikwa pampu mwaka ule, walikuwa wamebaki wawili. Hilo hakulifanyia mzaha.

Sharti la pampu lilikuwa moja, halina mjadala: kila jioni ameze kidonge cha kuzuia damu isigande. Mkewe ndiye aliyempa, mkononi, akamsimamia mpaka ameze.

Sasa, kwa fundi cherehani, ubaya wa kidonge hicho ni sindano. Ijumaa moja alijidunga kidogo tu kidoleni, damu ikakataa kukata, tone likaangukia pindo la gauni la bi harusi. Alilisugua kwa maji baridi mpaka likatoka, jasho likimtiririka. Harusi ilikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata, na shanga mia tatu zilikuwa bado hazijashonwa, zote za mkono. Basi akajishauri vibaya. Jioni ile alikificha kidonge chini ya ulimi, na mkewe alipogeuka akakitema. Kesho yake hivyo hivyo. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Huyu alificha dawa, akadhani methali haimhusu.

Vidole vikaanza kutii. Alijidunga mara mbili, damu ikakata upesi, akafurahi kama mjinga.

Ijumaa ya pili asubuhi mkojo ulitoka mweusi kama chai iliyolala. Aliketi kwenye cherehani bila kuikanyaga, akasikiliza. Pampu, iliyozoea kuvuma sawasawa, sasa ilikuwa inakwaruza. Miaka thelathini alizitambua mashine kwa sikio, na sauti hii aliijua: kitu kimenasa ndani. Aliogopa. Hata hivyo alizimaliza shanga saba zilizobaki ndipo akamwita mkewe.

Hospitalini daktari aliweka kipimo kifuani, akasikiliza kwa muda mrefu mno.

"Nahofia damu imeganda kwenye pampu," alisema. "Kuna dawa ameacha?"

"Hata moja," mkewe akajibu, kifua mbele. "Miaka minane nampa mimi mwenyewe. Labda mashine yenu ndiyo mbovu."

Daktari akaandika. "Kama alikuwa anameza, basi tutafute sababu nyingine kwanza. Itachukua siku mbili tatu."

Betri aliitazama ile kalamu. Siku mbili tatu hakuwa nazo, na alijua. Lakini aibu ilimlemea kuliko hofu, ikabidi ajilazimishe.

"Sijameza wiki nzima," alisema. "Nilikuwa natema. Damu ingechafua gauni la watu."

Kalamu ikasimama. Daktari alipiga simu chumba cha upasuaji, kisha akawaambia kwamba huenda pampu ikabidi ibadilishwe, na kifua kufunguliwa mara ya pili si jambo la mchezo.

Mkewe hakulia, wala hakumtazama mumewe. Alimgeukia daktari.

"Akiishi," alisema, "tafuteni mtu wa kumpa dawa. Mimi sitaweza tena."