Petroli Safi ya Mama Generosa

Mbuke alipigishwa magoti kwenye changarawe mbele ya ofisi ya kijiji, jua la saa nane likimchoma utosini. Madumu na chupa zake za petroli zilipangwa kivulini kama wageni rasmi. Mwano ulikuwa umepigwa, ule ukelele wa kuitana penye hatari, na kijiji kizima kimekuja. Wengi walikuja na pikipiki zinazotembea kwa petroli ile ile.

Ilijulikana hadi Samuye kwamba kwa Mbuke kuna petroli safi, bei chini kuliko kituo chochote. Ilitoka stoo ya kijiji, ambako mkandarasi wa barabara alihifadhi mafuta yake, na ufunguo wa stoo alikuwa nao Mtendaji Wiliam peke yake. Yeye ndiye aliyemfuata Mbuke, mjane ambaye binti yake wa pekee, Generosa, ameolewa Chato, akamwambia auze. Sasa mkandarasi alikuwa amelalamika wilayani, na Mtendaji alihitaji mtu wa kutolewa kafara.

"Mayu, mama, mtaje mwenzako," alisema Kalisti, kamanda wa sungusungu. "Stoo haikuvunjwa."

"Mwenzangu amekaa hapo kwenye kiti. Na wewe Kalisti, jana nimekujazia tangi."

Mtu mmoja alicheka, akajikuta yuko peke yake. Wengine waliangalia viatu vyao. Walijua, wote walijua, na hilo ndilo linalotia hasira hadi leo.

Mtendaji hakufoka. Aliinuka kwenye kiti chake, akafungua chupa, akamwaga tone kiganjani na kupuliza, kama wafanyavyo bodaboda wakihofia petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa. Kiganja kilikauka.

"Safi kabisa," alisema. "Kamanda, muoshe huyu mama mdomo. Mdomo huo umesema uongo mbele ya baraza."

"Mtendaji, huyu ni mtu mzima."

"Basi tuanze na wewe na hilo tangi lako."

Kalisti alichukua chupa. Wanaume wawili walimshika Mbuke kichwa, petroli ikamwingia mdomoni, puani, machoni. Alipojitupa chini akitapika, fimbo zilianza. Walimpiga mgongoni, kisha popote. Alikinga uso kwa mkono wa kulia, na mfupa ukavunjika kwa mlio uliosikika hadi nyuma walikosimama wanawake. Aliyempiga pigo hilo alikuwa bado hajamlipa chupa ya juzi.

Mtendaji aliinua mkono, fimbo zikatulia. Akasoma hukumu ya kimila kwa sauti ya kanisani: Mbuke ametengwa. Asisalimiwe, asipewe moto, asipewe maji, asizikiwe mtu wake. Atakayemsaidia atatoa ng'ombe, naye atatengwa. Kisha akaagiza madumu yarudishwe stoo, akafunga mwenyewe.

Mbuke alijikokota hadi kwenye bomba la kupampu. Macho yalikuwa yanaungua, haoni ila vivuli vya wanawake na ndoo zao zimejaa. Alimtambua Dorah kwa kikohozi. Dorah ndiye aliyempokea Generosa siku anazaliwa.

"Dorah, nimwagie machoni tu."

"Nina watoto, dada."

"Kidogo."

"Usiniite jina, watasikia."

Alisema hivyo huku analia, lakini ndoo aliisogeza mbali.

Mbuke akapapasa hadi akaushika mpini wa bomba kwa mkono wa kushoto. Akaning'inia juu yake kwa uzito wake wote, akapampu mpaka akasikia maji yanamwagika. Akauachia, akaukimbilia mdomo wa bomba kwa magoti. Alipofika maji yalikuwa yamekatika. Akarudi kwenye mpini, akapampu, akakimbilia tena, akapata matope.

Wanawake walisimama na ndoo zao zimejaa, wakingoja amalize zamu yake.