Matanga ya Mama na Vilabu vya Bruges

Ladislas alikuwa ameshawaingiza wageni kwenye kilabu cha tatu, na mtungi wa pombe ya mtama ulikuwa bado haujaguswa na mtu.

Kilabu cha tatu, alisema, kiko chini ya ardhi. Unashuka ngazi za mawe zilizolika katikati kwa miguu ya walevi wa karne na karne, unainamisha kichwa, halafu unajikuta kwenye chumba cha matofali chenye mishumaa mezani na mhudumu asiyejua kucheka. Mji wenyewe ni Bruges, kule Ubelgiji, ambako Ladislas alijipatia riziki kwa kutembeza watalii kutoka kilabu hadi kilabu, akiwaonjesha bia na kuwapigia hadithi. Leo alikuwa amesimama katikati ya sebule ya mdogo wake Valérie, mtaa wa Sydenham, Durban, jasho limelowesha shati lake jeupe, akiwatembeza Warundi na Wakongo ambao hawakuwa na karatasi za kuwafikisha hata Swaziland.

Valérie alisimama kwenye mlango wa jikoni, mikono ameikunja kifuani. Alikuwa na hasira tangu asubuhi, na alijua ana haki nayo.

Watu walikuwa wamekuja kuondoa matanga ya mama yao, si kutalii. Mama alifariki mwaka jana hapa hapa Durban, na kwa Warundi matanga hayaondoki yenyewe kama mafua. Ndugu hukusanyika, pombe ya mtama huwekwa katikati, aliyeipika huionja kwanza mbele ya macho ya wote ili ijulikane kuwa haina sumu, kisha mtoto wa kwanza wa kiume hunywa na kutamka kwamba kilio kimekwisha. Kabla ya neno hilo hakuna harusi katika nyumba. Naye Akimana, binti pekee wa Valérie, alikuwa ameshaposwa. Wazazi wa mchumba wake, Eddy, walikuwa wameahirisha harusi mara mbili wakimsubiri Ladislas apate nafasi ya kusafiri, na safari hii walisema wazi kwamba hawasubiri tena. Walikuwa wameketi pale kwenye kochi, mama yake Eddy akitazama saa ya ukutani. Furaha yote ya Akimana ilikuwa kwenye mdomo wa mjomba wake, na mdomo huo ulikuwa bado unazurura Bruges.

"Sasa, bia yenyewe," Ladislas aliendelea. "Zamani hawakutia hops, yale maua machungu ya bia. Walitia mchanganyiko wa majani, na kulikuwa na ukoo mmoja tu uliokuwa na ruhusa ya kuuuza. Walitajirika mpaka wakajenga jumba kama la mfalme. Mpaka leo unaliona, liko ukingoni mwa maji."

"Kwa majani tu?" aliuliza Urbain. Huyu alikuwa Mkongo mwenye duka la simu mlango wa pili kutoka saluni ya Valérie, kule mjini, na alikuwa amesogeza kiti mpaka karibu amkalie msimuliaji mapajani.

"Majani tu, Urbain. Na kila bia ina glasi yake. Ukitiliwa kwenye glasi isiyo yake, unairudisha."

Hapo alifungua begi lake akapanga mezani chupa na glasi alizokuja nazo, moja yenye mguu mrefu, moja pana kama kikombe cha komunyo. Akautazama mtungi, akaitazama mirija ya matete iliyosimama ndani yake, akatabasamu.

"Mimi nilifikiri tuanze na hizi. Lakini, dada, bado mnanyonya wote kwenye chungu kimoja? Kule mtu angeita watu wa afya."

Baadhi ya wageni walicheka. Valérie hakucheka. Mtama ule alikuwa ameuotesha mwenyewe, ameusaga, ameupika na kuukoroga huku saluni imefungwa na wateja wanahamia kwa wengine. Matete aliyafuata mtoni kule Queensburgh, akarudi na matope mpaka magotini. Na huyu, ambaye hakumzika mama, ambaye alifika jana na marashi shingoni, anatuambia habari za watu wa afya.

"Tutaanza na mtungi, kaka," alisema.

"Bila shaka, bila shaka. Namalizia tu."

Mtu anayesema anamalizia tu hajamaliza, na Urbain, Mungu amsamehe, akamtilia kuni. "Tonton, na baridi yenu iko namna gani? Batu banatembea kweli usiku, kutoka bar moja mpaka ingine?"

Macho ya Ladislas yaling'aa. "Ah, baridi. Mwaka jana, mwezi wa pili, mifereji yote iliganda. Jambo hilo watu walikuwa hawajaliona miaka mingi. Sasa mimi nina wageni wangu, Wamarekani, wamelipia vilabu vyao. Nitawaambia wakalale? Nikawashusha kwenye barafu. Tukatembea juu ya maji, kilabu hadi kilabu, mimi mbele naimba. Kila tukiingia mahali, jibini na haradali, bia nyeusi ya watawa, kisha tunarudi tena juu ya barafu. Simu inalia mfukoni, inalia, inalia, naiacha ilie. Unawezaje kukata hadithi katikati? Wiki nzima ilikuwa hivyo. Sijawahi kupata bakshishi kama ile."

Watu walipiga makofi. Urbain alishika kichwa kwa furaha.

Valérie aliegemea mlango.

Mwaka jana, mwezi wa pili. Yeye ndiye aliyekuwa akipiga simu ile. Alikuwa ameketi kando ya kitanda cha mama hospitalini, joto la Durban linatoa watu roho, mama hana nguvu hata ya kushika kijiko, na ombi lake lilikuwa moja tu: asikie sauti ya Ladislas. Valérie alipiga, akaiweka simu kwenye sikio la mama, wakasikiliza wote wawili ikilia mpaka ikakatika. Akapiga tena. Mwishowe ukaja ujumbe: baridi imegandisha mpaka mifereji, imenikamata mapafu, nimelazwa, wameniwekea mpira kooni, siwezi kusema, mwambie mama aniombee.

Na mama alimwombea. Hilo ndilo lililomfanya Valérie ashikilie mlango kwa nguvu. Mama hakujiombea mwenyewe tena. Rozari yote, tangu siku ile mpaka alipokata roho, ilikuwa ya mapafu ya Ladislas. Alikufa akimuuliza muuguzi kama kule Ulaya wanajua kutibu.

Ladislas aliinua kichwa akakutana na macho ya dada yake. Tabasamu likamkauka. Alijua. Mdomo wake ulikuwa umemtembeza mpaka mahali asipotaka kufika, na sasa alitazama chupa zake kana kwamba mojawapo ingemsemea.

"Basi," alisema Mzee Athanase, aliyetoka mlima mmoja na marehemu kule Burundi na ndiye aliyekuwa akisimamia shughuli. "Tumeshiba Ulaya. Tufanye kilichotuleta." Aliinuka, akaupanga mtungi vizuri, kisha akauliza kama desturi inavyotaka: "Katika nyumba hii, kuna mtu aliye na neno na mwenzake? Aliseme sasa. Wenye ugomvi hawanywi mtungi mmoja. Kama liko, tutarudi siku nyingine likiisha kusuluhishwa."

Mama yake Eddy aliacha kutazama saa, akamtazama Valérie. Akimana alikuwa amekaa mkekani, nywele alizosukwa na mama yake zinang'aa, vidole amevifunga pamoja. Siku nyingine haikuwepo. Valérie alilijua hilo, na Ladislas pia alilijua, na Valérie aliona jinsi kaka yake alivyokuwa akimngoja. Alitamani amrushie moja ya glasi zile usoni. Alitamani aseme mpaka koo lipasuke.

"Hakuna neno, mzee," alisema.

Aliudanganya mtungi wa mama yake. Mungu atamsamehe, au asimsamehe. Wakati ule hakujali. Alipiga magoti, akainama, akavuta pombe mdomoni mbele ya watu wote, akameza. Ilikuwa chachu, nzuri, kama ile mama aliyokuwa akiipika. Kisha akausogeza mrija upande wa kaka yake.

"Kunywa, kaka."

Ladislas hakusogea. Yule aliyekwisha kuonja bia za mji mzima alikuwa akiogopa mrija wa tete. "Valérie," alianza, kwa sauti ndogo.

"Nimeshaionja. Umeniona. Kunywa."

Alipiga magoti. Alikunywa kidogo, akakohoa, akanywa tena. Alipoinuka macho yake yalikuwa mekundu. Watu walidhani ni uchungu wa mama, wakamhurumia.

"Neno, mwanangu," alisema Athanase.

"Kilio cha mama yetu kimekwisha," alisema Ladislas. "Nyumba ifunguliwe. Wanaooa waoe, wanaolima walime."

Akimana alipiga kigelegele cha kwanza, wanawake wakamfuata, mama yake Eddy akainuka na kumkumbatia mkwe wake. Urbain alikuwa ameshapata mrija. Valérie alingoja kelele zitulie, akangoja mpaka Athanase mwenyewe alipokunywa na wazazi wa Eddy wakanywa, wote wawili, mpaka hakuna aliyeweza kusema kwamba shughuli haikukamilika. Kisha akachukua begi la Ladislas, akarudisha ndani chupa moja moja na glasi moja moja, akalifunga na kulisimamisha mlangoni.

"Sasa matanga yameisha," alisema. "Ondoka nyumbani kwangu."

Athanase aliweka mrija wake chini. "Valérie, niliuliza. Nilikuuliza mbele ya wote."

"Uliniuliza, mzee, nami nilikudanganya. Huyu alikuwa mzima. Mama anamwita, yeye yuko juu ya barafu anaimba, na akatuambia ana mpira kooni. Mama alikufa akimwombea apone."

Mrija wa Urbain ulimtoka mdomoni. Akimana aliziba uso wake.

"Nilikuwa mgeni kwenye kazi," Ladislas alisema. "Ningewaacha wale watu, ningefukuzwa. Na niliogopa, dada. Sikuweza kumsikia mama akiwa vile." Alinyoosha mkono, hakuna aliyeushika. "Tutoke nje, tuongee sisi wawili tu. Dakika tano."

"Mama hakukuomba hata hizo tano," alisema Valérie, akamfungulia mlango.