Kuhesabu Hadi Sita

Mwalimu Evelyn Sumari alirudi kutoka Texas siku ya Jumanne, na Jumamosi yake akapanda mlimani kumwona mwalimu wake wa darasa la kwanza. Alikuwa amekaa Marekani wiki tatu na walimu wengine wageni, wakitembelea shule za mji mmoja ulio karibu na mpaka wa Meksiko, ambako watoto wengi nyumbani husema Kihispania.

Mwalimu Hanna, mstaafu wa miaka themanini na kitu, alikuwa barazani akichambua maharage.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Niambie, shule za huko zikoje?"

Evelyn akavuta kigoda. Akaanza na yale ambayo kila mtu alimwuliza: madarasa yenye zulia, watoto ishirini tu kwa mwalimu mmoja. Hanna aliitikia kwa kichwa. Kisha Evelyn akasema lililomkaa moyoni. Asubuhi watoto wale walifundishwa hesabu kwa Kihispania, mchana masomo mengine kwa Kiingereza. Mtoto akikwama, hakukemewa. Aliachwa aseme kwa lugha ya kwao kwanza.

"Nikakukumbuka wewe," alisema.

Alipoanza shule, mwaka themanini na tisa, Evelyn hakujua Kiswahili zaidi ya salamu. Mwalimu Hanna alikuwa akifunga mlango, anashusha sauti, anawaeleza kujumlisha na kutoa kwa Kimeru, lugha ya kwao iliyokatazwa shuleni, kwa punje za kahawa alizozibeba kwenye mfuko wa sweta. Mkaguzi akionekana getini, mwanafunzi aliyekaa dirishani alikohoa, na darasa zima likarudi kwenye Kiswahili.

"Wale hawafungi mlango," Evelyn alisema.

Hanna akacheka kidogo. "Na wewe uliwafundisha nini?"

Hapo Evelyn akamsimulia. Kulikuwa na binti mmoja, Marisol, wa miaka saba, aliyemwuliza kupitia mwalimu wake kwao Evelyn wanahesabuje. Evelyn alisimama mbele ya darasa akaanza kwa Kimeru, kwa majivuno kabisa. Alipofika sita, ulimi ukagoma. Watoto wakamsubiri. Marisol hakucheka. Alimwambia amalizie kwa lugha yoyote anayoijua, kama wao walivyozoea kuambiwa, naye akamalizia kwa Kiswahili. Wakampigia makofi. Ndani ya ndege ya kurudi alijaribu tena na tena, saba haikuja.

"Nyumbani kwangu Sekei, huko mjini, ni Kiswahili na Kiingereza tu," alisema. "Hata sikuona Kimeru kinavyoondoka."

Hanna aliacha maharage. "Kosa ni langu pia. Niliwafundisha kwa Kimeru ili mwelewe upesi, kisha mkiache mapema, msichekwe sekondari. Sikudhani mngekiacha kabisa."

Maji ya mfereji yalisikika kwenye migomba. Kisha Hanna akachota maharage, akayapanga ungoni moja moja, akitamka namba kwa Kimeru. Evelyn akafuatisha. Kwenye tisa alikosea, na sauti ya Hanna ikawa ileile ya darasani: "Rudia."

Akarudia mpaka akapata, na macho yakamjaa machozi.

Jumamosi iliyofuata alikuja na wanawe wawili. Joel alinuna, alitaka kubaki mjini na wenzake. Prisca alikaa miguuni pa bibi mwalimu na ungo mapajani, na saa sita ilipofika alikuwa ameshaanza kumsahihisha mama yake.