Sala ya Kumchongea Wifi

Katika karakana ile ya kushona sare, hakuna cherehani iliyozungushwa kabla ya sala. Si kwamba tajiri mwenye karakana alikuwa mtu wa dini sana. Alikuwa amegundua tu kwamba watu wakianza siku kwa sala hugombana kidogo. Basi kila asubuhi walisimama nyuma ya viti vyao, wakafumba macho, na mama aliyeshona pale miaka mingi kuliko wote akaomba kwa niaba yao. Walimwita Mchungaji, ingawa hakuwa na kundi wala fimbo. Jina alibandikwa na mpiga pasi, mwanamume wa mdomo, na mama mwenyewe hakulikataa. Kusema kweli lilimkaa kama gauni la kipimo chake.

Mtu asidhani alikuwa mnafiki. Alifunga, alitembelea wagonjwa, na uzi wa mteja ukibaki aliurudisha hata kama ni wa kukazia kifungo kimoja. Mdogo wake wa kiume alipooa mke asiye na kazi, ni yeye aliyekwenda kwa tajiri kumwombea nafasi wifi yake. Akamweka kwenye cherehani ya pembeni, akamfundisha kola, mifuko, mikunjo ya sketi, vyote bila kumficha kitu.

Ubaya wa kumfundisha mtu ni kwamba wengine hushika.

Wateja wakaanza kuuliza yule mwembamba wa cherehani ya pembeni yuko wapi. Mpiga pasi akasema kola za wifi mtu anaweza kuzivaa bila pasi hata umeme ukikatika. Kanisani nako yakawa yaleyale. Wifi alikaa benchi la nyuma, hakutoa ushuhuda, hakumwombea mtu kwa sauti, na bado akina mama wakanong'onezana kwamba yule binti ana amani ya Mungu usoni. Mchungaji alisikia, akatabasamu, tabasamu likamkwama shavuni. Yule akinyamaza, aliwaza, wanasema ana busara. Mimi nikinyamaza wananiuliza naumwa nini.

Lakini walipendana, na hilo ndilo lililofanya mambo yawe mabaya. Jioni moja mvua iliwazuia karakanani, wawili peke yao, wakipiga pindo la mwisho. Wifi akamsimulia jambo. Mahali alipofanya kazi kabla hajaolewa alikuwa akiiba vitambaa, anavizungushia kiunoni ndani ya gauni, anatoka navyo. Akakamatwa, akafukuzwa mbele za watu. Aibu ile ndiyo iliyompeleka kwa Mungu. Akasema mumewe anajua, na sasa wifi yake anajua, basi. Mchungaji alimkumbatia, na kumbatio lile lilikuwa la kweli.

Kisha mkataji mzee akaacha kazi kwa sababu ya macho, na meza ya kukatia ikabaki wazi.

Meza ile ilikuwa dirishani, penye mwanga na hewa. Anayekaa pale ndiye anayeshika mkasi mkubwa na ufunguo wa stoo ya vitambaa. Wengine wote hushona alichokata yeye. Mchungaji alikuwa ameingoja meza ile tangu nywele zake zikiwa nyeusi zote. Hakuna aliyemwahidi, lakini hata mtoto anajua chakula kikiiva anaanza kupakuliwa nani. Tajiri akatoka ofisini, akapita mbele yake, akaenda kumpa wifi mkasi na ufunguo.

Watu walipiga makofi. Ya Mchungaji yalianza kabla ya yote na yakakawia kwisha kuliko yote. Ndani yake kulikuwa na kitu kinachotafuna kama mchwa kwenye mguu wa kiti: mtu amekaa, kumbe kiti kinakwisha.

Kesho yake asubuhi walisimama kama kawaida. Mchungaji alipofumba macho hakuwa amekusudia neno. Au alikuwa amekusudia bila kujiambia. Akashukuru kwa uzima, akawaombea wagonjwa, halafu sauti yake ikashuka, ikawa laini, ikawa na huruma.

“Bwana, tunamleta mbele zako dada yetu uliyemwinua jana. Wewe unajua alikotoka. Unaujua mkono wake uliowahi kuzoea vitambaa vya watu, akavifunga kiunoni. Mlinde, Baba. Ufunguo aliopewa usiwe mtego kwake.”

Amina ilitoka vipande vipande. Ya mpiga pasi haikutoka kabisa.

Kabla ya chakula cha mchana tajiri alimwita wifi ofisini, akauchukua ufunguo kwa maneno ya upole, kwamba ni kwa muda tu. Mkasi nao ukahama. Mchungaji akapewa meza. Wifi akarudi pembeni, akatia uzi kwenye sindano mara moja bila kukosea, akashona. Hakulia, hakununa. Kitu kimoja tu kilibadilika, nacho kilitosha.

“Mchungaji,” alisema jioni ile, “naomba chaki.”

Hakuwahi kumwita hivyo. Siku zote ilikuwa “wifi” au “wifi yangu”. Sasa alimwita kama walivyomwita wengine.

Meza ilikuwa na mwanga kama alivyoutamani, na kila kitu kilionekana vizuri mno. Alimwona mshonaji mashati akikatiza mazungumzo anapokaribia. Asubuhi, alipoomba, alijua watu wanasali jicho moja wazi, kama kuku usingizini. Mpiga pasi, akitia maji kwenye pasi yake, alimwambia bila kucheka, “Mama, kesho ukiniombea usinieleze sana. Mungu ananijua kwa sura.”

Nyumbani alipiga magoti. Kila alipoanza na “Bwana, unajua,” aliisikia sauti ileile laini, akanyamaza. Akajitetea kwamba alichosema ni kweli tupu. Utetezi huo ulimshikilia kwa muda, halafu nao ukamwacha.

Akaenda kwa wifi wakati wa chakula, nje penye bomba, akamwomba msamaha kwa kunong'ona. Wifi alimaliza kuosha bakuli lake.

“Ulilisema mbele ya watu wote,” akajibu. “Kuja kuniambia mimi peke yangu kunasaidia nini? Mimi nilikuwepo.”

Hakuwa na ukali. Laiti angekuwa nao, Mchungaji angepata la kukasirikia.

Asubuhi iliyofuata tajiri alikuwa amesimama mlangoni, watu wamekwisha kufumba macho.

“Fumbueni,” Mchungaji alisema. “Ninalotaka kusema si la kumwambia Mungu, yeye analijua. Lile la siku ile halikuwa ombi. Meza hii niliitaka kuliko mnavyofikiri, na ikapewa aliyenizidi. Nikaona kijicho. Siri aliyoniambia kama wifi nikaichukua, nikamchongea nayo, nikafumba macho ili nisimwone usoni.”

Tajiri akajikuna shingo.

“Sawa, mama. Lakini ni kweli au si kweli?”

Hapo Mchungaji alishikwa. Kusema si kweli ni uongo. Kusema ni kweli ni kumchongea mara ya pili. Aliyejibu ni wifi, kutoka pembeni, amesimama wima.

“Ni kweli. Niliiba, nikafukuzwa, nikatubu. Ungeniuliza siku ile ofisini, ningekujibu.”

Tajiri alimtazama, akatazama stoo, akatazama viatu vyake. Mwishowe akasema ufunguo atakaa nao mwenyewe, asimwonee mtu wala asiibiwe na mtu. Mkasi ni wa anayekata vizuri, na kila mmoja pale anajua ni nani. Mpiga pasi akauliza, na sala je? Tajiri akasema ya leo imetosha, watu washike kazi.

Kwa hiyo neno halikurudi lilikotoka. Ufunguo haukurudi. Mchungaji aliondoka dirishani, akachukua kiti chake ili akikalie pale pembeni penye giza.

Lakini kulikuwa na kitambaa kipya cha sare, kipana, na kitambaa kipana hakitandazwi na mtu mmoja. Wifi alizungusha macho chumba kizima, kila mtu ameinamia sindano yake.

“Njoo ushike upande huu,” alisema. Hakusema wifi, hakusema Mchungaji.

Akaenda, akashika. Mkasi ukaingia kitambaani ukapita moja kwa moja, bila kusita, mkato ambao yeye asingeuweza hata siku za ujana wake. Kijicho kikamchoma palepale pa zamani, kama hakijasikia lolote lililosemwa asubuhi. Akamwomba Mungu kimoyomoyo, macho wazi, akiutazama mkono wa wifi yake. Hakumtaja mtu ila yeye mwenyewe. Kitambaa hakukiachia.